Kura ya Nyumba

Juzi, kwenye korido ya halmashauri pale Kiomboi, niliiona picha ya Baba Eliza, jirani yetu wa zamani, katika safu ya wenyeviti waliopita. Nusura niseme shikamoo. Nikaikumbuka siku ya kura, nilipokuwa mtoto.

Chama kilikuwa kimoja, wagombea udiwani wawili, na kila mmoja alipewa alama ili hata asiyejua kusoma apige kura. Baba yangu alipata jembe, Baba Eliza nyumba. Kisimani niliwasikia kina mama wakisema, "Mimi nachagua nyumba," nami nikaamini ni hii yetu tunayoishi.

Mchana wa kura sikutulia. Mashine mpya ya kukamua alizeti ilinguruma, harufu ya mashudu ikajaa uani, nami naingia, natoka. Nilifunga sufuria, blanketi na kanga za mama ndani ya shuka. Nikamkamata kuku, akaponyoka, nikamkamata tena.

Jioni baba alirudi na vumbi hadi magotini. "Baba Eliza kashinda," alimwambia mama. Kisha akauona mzigo mlangoni.

"Nani anasafiri?"

"Sisi. Nyumba si ameshaichukua Baba Eliza?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliinama, akafungua fundo, akairudisha sufuria jikoni mwenyewe.

Tulipokwisha kumzika baba, miaka mingi baadaye, ndipo mama aliponiambia kwamba siku ile yeye pia alichagua nyumba.

"Angekuwa diwani," alisema, "tungemwona lini?"