Ilani Yangu Haikuwa Yangu

Kosa ni langu. Naliandika hapa juu kabisa kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa mistari kumi tu nitakuwa nimeshajigeuza malaika.

Mwezi mzima nimezunguka Mpanda hii nikilia kwamba nimesalitiwa. Kuanzia stendi mpaka stesheni ya reli hakuna muuza vocha asiyejua habari zangu. Na kweli nimesalitiwa! Tena na watu wawili! Ila kuna kipande ambacho kila nikisimulia nakiruka. Leo sikiruki. Jina langu niachieni tu, nina mama.

Mimi ni mbunifu wa matangazo. Kadi za harusi, mabango ya misiba, fulana za kwaya, stika za bajaji, zote ni kazi zangu. Kidato cha nne nilikisoma jioni, baada ya kushinda nabeba magunia ya mpunga, na matokeo yalipotoka nilishangilia mpaka mbwa wa mtaa mzima wakahama. Kisha nikaingia kozi ya kompyuta, nayo ya jioni, na huko ndiko nilikokutana na dada nitakayemwita Spesi. Si jina lake.

Kwao Spesi ni wakulima, Warundi waliopata uraia, na nyumbani wanaongea Kirundi kitupu. Darasani alikuwa kimya. Mimi niliongea kwa niaba ya darasa zima. Tulipomaliza tukafungua ofisi pamoja: kompyuta mbili, printa moja, na feni ambayo ikiwaka utadhani helikopta inatua. Yeye anakaa ndani anachora. Mimi nasimama mlangoni napokea wateja. Wakisifia kazi, nasema "asante". Mwisho nikaanza kuamini kweli ninayeshukuriwa ni mimi.

Siku moja nikaona kwenye simu jamaa anafundisha kwamba kila mbunifu wa kweli lazima awe na manifesto yake. Aandike anaamini nini, anakataa nini, kazi yake inamtumikia nani. Nikauliza Kiswahili chake ni nini, nikaambiwa ilani. Nikapagawa! Mimi na ilani yangu mwenyewe!

Nikakaa siku tatu. Ndugu zangu, nilitoka na sentensi moja: "Mimi ni mbunifu namba moja Katavi, Rukwa na Kigoma." Ya pili iligoma kabisa.

Sasa, Spesi alikuwa na daftari. Tangu tukiwa darasani, akijifunza kitu kwenye kazi anaandika mstari mmoja. "Bibi asome kadi bila kuomba miwani." "Picha ya marehemu usiing'arishe mpaka watoto wake wasimjue." "Mteja akisema jaza nafasi yote, muulize anaogopa nini." "Acha iteka kuzunguka jina la mtu." Kurasa kwa kurasa, kwa kalamu ya bluu.

Alipokwenda kwao kusaidia kuvuna, nililifungua. Hakuniruhusu. Nililifungua tu, nikachagua mistari tisa iliyonichoma moyo, nikapiga benna ya mita mbili. Juu nikaandika ILANI YANGU. Pembeni nikaweka picha yangu, nimekunja mikono, nimevaa suti ya kuazima. Chini sahihi yangu. Nikaitundika nje, nikavuka barabara kuitazama, machozi yakanilenga kwa jinsi nilivyo na hekima!

Spesi aliporudi alisimama palepale barabarani, kiroba cha mahindi kichwani, akaisoma mpaka mwisho.

"Kaka, haya maneno ni yangu."

"Dada, wewe na mimi kuna chako na changu? Ni maneno ya ofisi."

"Basi andika ofisi."

"Nitarekebisha."

Akaniambia tena Jumatatu. Akaniambia tena siku nyingine, tukiwa wawili tunakata vitambulisho. Mara tatu! Na mimi nikawa naitikia "nitarekebisha" kama mtu anayepiga chafya.

Kusema kweli utamu ulishanikolea. Kwetu huku ukitaja ilani, watu wanajua uchaguzi. Nusu ya mtaa wakaamini nagombea udiwani! Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mheshimiwa, kalavati la kwetu usilisahau." Nikamwambia nimelipokea. Nimelipokea! Kalavati! Mama mmoja muuza dagaa akaja kuuliza, "Na hiyo iteka mtaigawa lini?" Nikamjibu utaratibu unaandaliwa.

Ndipo akaja mtu nitakayemwita Chopa. Alishuka na treni, mbunifu mwenzetu, rika langu, hana pa kulala. Nikamchukua kwangu. Sahani moja, ndoo moja ya kuogea, mpaka mashati tulikuwa tunavaliana. Kazi yake ilikuwa kunisifu: "Bro, wewe ni chuo kinachotembea!" Nani angekataa? Akaniomba faili la ilani ajifunzie kupanga maandishi. Nikampa kwenye flashi, tena si picha yake, nikampa faili lenyewe la kazi, ambalo mtu anaweza kulifungua na kubadilisha kila kitu.

Wiki mbili baadaye akahama bila kuaga. Haikupita muda, mtaa wa pili pakafunguliwa ofisi mpya. Nje, benna ya mita tatu. ILANI YANGU. Mistari tisa ileile. Picha ni ya Chopa, amekunja mikono, na suti amevaa nzuri kuliko yangu!

Na bado. Shule moja iliyokuwa imetuahidi kazi yake yote, kuanzia nembo mpaka vyeti vya mahafali, ikaenda kwake. Mkuu wa shule kavutiwa na ilani.

Nilipiga kelele nadhani walinisikia Ikola ziwani. Mtu niliyemlisha! Mtu aliyevaa soksi zangu! Nikamshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tukiwa njiani nikamwambia Spesi, "Wewe ndiye shahidi wangu. Ukiulizwa, sema ukweli kwamba ilani ni ya kwetu."

"Nitasema," akajibu.

Nilifurahi! Nilitembea kifua mbele kama nimeshashinda.

Mwenyekiti wetu ni mama wa Kifipa asiyecheka. Alikuwa ameagiza benna zote mbili ziletwe, akazitandaza sakafuni, watu wamejaa mpaka dirishani.

"Nyie vijana," akasema, "kila mmoja anasema kaandika yeye. Nimezisoma zote mbili na kuna neno moja sijalielewa. Iteka. Haya, wewe uliyeshitakiwa, iteka ni nini?"

Chopa hakupepesa hata jicho. "Mama, iteka ni aina ya herufi. Imetoka Italia."

Nilicheka kwa sauti, nikapiga na goti! Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Na wewe unayecheka?"

Jasho! Miezi yote ile sikuwahi kuuliza. Nililiona neno kwenye daftari, likaonekana la kitaalamu, nikalitundika barabarani.

"Iteka ni kipimo, Mwenyekiti," nikasema. "Sentimita tatu kila upande. Ndicho kiwango cha kimataifa."

Mtu dirishani akasema, "Sasa mbona walisema itagawiwa?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Akamtazama Spesi.

"Binti, wewe shahidi. Iteka ni nini?"

"Ni Kirundi, mama. Ni heshima." Alisema taratibu, macho yakiwa kwenye benna. "Baba alipofariki nilimtengenezea bango. Nikalijaza maua na misalaba na mawingu, mpaka jina lake likabanwa pembeni. Mama yangu hajui kusoma, lakini alilitazama akasema, mwachie baba yako iteka yake. Nikafuta maua yote. Jina likabaki peke yake. Ndiyo nikaandika kwenye daftari."

Hata Chopa aliinamisha kichwa kidogo.

"Kwa hiyo ilani hii ni ya nani?"

Spesi akanitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimkonyeza! Mbele ya habari za msiba wa baba yake, nilimkonyeza.

"Ni yangu," akasema. "Huyu kaka aliitoa kwenye daftari langu nikiwa shamba. Yule naye akaichukua kwa huyu. Nilimwambia huyu mara tatu."

Nyie! Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Chopa kuniibia, sawa, Chopa alikuja na treni. Lakini Spesi! Nikasimama, nikamnyooshea kidole, "Spesi, umenisaliti!"

"Nimekusaliti nini, kaka?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Ulitaka nisemeje?"

Nikainama nikaanza kukunja benna yangu. Mimi! Mtu wa kuongea!

Mwenyekiti akaamuru zile benna zisionekane tena popote. Tukitoka nje Chopa akanigonga bega, "Bro, kumbe mimi na wewe tuko kitabu kimoja!" Hilo lilinichoma kuliko wizi wake, kwa sababu sikupata pa kulikanusha.

Kesho yake Spesi alikuja mapema. Akachukua daftari, kipanya chake na kikombe chake cha chai. Printa akaniachia. Sasa yuko Ikola, anatengeneza vifungashio vya kina mama wanaokausha dagaa, na nasikia kazi imemjaa.

Mimi nimebaki na feni. Juzi familia moja iliniletea jina na picha ya mama yao aliyefariki. Nilihangaika siku nzima, nikawaonyesha. Kijana wao mkubwa akaangalia, akasema kwa upole, "Kaka, samahani, yule dada yuko wapi?" Wakaondoka na picha ya mama yao.

Nisidanganye, bado inaniuma. Asubuhi namlaumu Chopa. Mchana namlaumu Spesi: si angeninong'oneza pembeni kuliko kuniumbua mbele ya watu? Jioni nakumbuka kwamba alininong'oneza. Mara tatu.

Nilimwandikia ujumbe mrefu, wa kusoma mpaka kidole kichoke. Akajibu neno moja: "Nimesoma." Nikaudhika! Baadaye nikaurudia ule ujumbe wangu mwenyewe. Nimejieleza, nimemtaja Chopa, nimetaja shida zangu tangu enzi za magunia. Neno samahani halimo. Hata moja! Nikaandika mwingine mfupi: "Samahani. Maneno ni yako, na kazi nyingi nilizosifiwa ni zako." Ameuona. Hajajibu, na sina haki ya kumharakisha.

Nyie mnaofanya kazi wawili wawili, kwenye saluni, kwenye studio za picha, kwa mafundi cherehani, nawaomba mnisikie. Kabla hujaweka sahihi yako, muulize mwenzako kama kuna kilicho chake humo. Akisema kipo, liandike jina lake siku hiyohiyo, hata kama wateja wamepanga foleni mlangoni. Mimi nilisubiri mpaka akaulizwa mbele ya watu, na pale alikuwa amebakiwa na mawili tu: aniumbue mimi, au amkane baba yake. Msimfikishe mtu wenu hapo.