Tranka Lenye Jina Langu

Baba alininunulia tranka miezi minne kabla ya mtihani wa darasa la saba. La bati, la bluu, na juu ya kifuniko akamlipa mchora mabango wa pale kwetu Ilomba, Mbeya, aandike jina langu lote kwa rangi nyeupe: la kwangu, la kwake na la ukoo. Likawekwa sebuleni. Watu wa jumuiya wakija kusali wanalisoma, na baba anawaeleza bila kuulizwa kwamba hilo ni la shule ya vipaji maalumu, mtoto wake hawezi kwenda hizi za kata.

Alikuwa na duka la pembejeo, na nadhani alituona watoto kama mbegu chotara, ukiweka mbolea ya kutosha lazima uvune. Nikishika nafasi ya tatu darasani ananiuliza, "Hao wawili waliokuzidi wana vichwa viwili?" Nasema hapana. "Basi rudi ukasome." Siku za majaribio tumbo linaniuma mpaka najikunja, mama ananikorogea uji wa ulezi, baba anasema uvivu umehamia tumboni. Pamoja na hayo nilimpenda, niseme ukweli, na nilimwamini kuliko mwalimu yeyote. Akisema jambo, kwangu lilikuwa limekwisha.

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa shuleni, alikwenda kuyaangalia peke yake. Akarudi, akakaa, akavua viatu taratibu.

"Jina lako halipo," akasema.

"Halipo kabisa, baba?"

"Nimesoma orodha mara tatu. Umefeli."

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuinua uso. Nilingoja fimbo lakini baba hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nililia hadi nikatapika. Kesho yake asubuhi, kabla sijaonana na mwanafunzi mwenzangu hata mmoja, nikapandishwa basi la Iringa kwenda kwa shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akiishi Mlandege na kufundisha shule ya msingi. Alinieleza mpango huku akinipakulia chakula. Darasa lao la saba lilikuwa na msichana aliyeacha shule, jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, nami ningeingia mahali pake na kurudia mwaka kwa jina hilo. Wengi walifanya hivyo wakati ule. Mtoto akikosa nafasi ya sekondari anarudishwa la saba kwa jina la mtoro, na watu wazima wanaliongelea kama kubadilisha sare.

"Kuanzia leo wewe ndiye huyo," shangazi akasema. "Hata humu ndani."

Ilinishinda. Mwalimu anaita majina, akifika kwenye lile nakaa kimya, anadhani namdharau, nakula viboko. Shangazi akaamua kunizoesha. Nikiwa nasuuza vyombo ananiita ghafla kutoka chumbani, na nisipoitika naanza upya kusuuza vyote. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nikaanza kukojoa kitandani. Naanika godoro nyuma ya nyumba kabla majirani hawajaamka, naliingiza bado bichi, na bado najilaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyefeli.

Mwezi wa tano shangazi alinichukua twende Ilula kununua nyanya za jumla. Kwenye meza moja kando ya barabara alikuwepo msichana wa rika langu na mama yake. Shangazi alisalimia, "Kamwene," akaanza kupatana bei na yule mama, lakini nikaona uso wake umebadilika. Msichana akanisogelea akiwa ameshika ndoo ya nyanya.

"Ndiye wewe unayekaa kwa mwalimu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi nani?"

"Uliyechukua jina langu. Mama aliumwa, nikaacha shule kule Iringa nije huku nimsaidie kuuza. Alipopata nafuu nikarudi, mwezi wa tatu. Wakaniambia jina langu lina mtu."

Nilisema samahani. Hakuonekana amekasirika. Alipanga nyanya zake vizuri, zilizoiva mbele, kisha akauliza, "Ukifaulu, nitakuwa nimefaulu mimi?"

Shangazi akaniita tuondoke, akaniita kwa jina lile, na tuligeuka wote wawili.

Likizo ya mwezi wa sita nikarudi Mbeya. Baridi ilikuwa kali, mama akaniambia nitoe blanketi kwenye tranka. Chini ya blanketi kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake, fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, shule ya kata, ile niliyoweza kwenda kwa miguu kutoka nyumbani. Vya kwenda navyo: jembe moja, fagio moja, ndoo, karatasi rimu moja. Juu kabisa, jina langu. La kwangu, la kwake na la ukoo. Siku ya kuripoti ilikuwa imepita miezi mitano.

Nilikwenda nayo jikoni.

"Mama, nilifaulu?"

Akaendelea kusonga ugali. "Baba yako alisema tuiweke kwanza, mpaka upate ile nzuri."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

Nilimchukia siku ile, mama yangu mwenyewe, na ilinichukua miaka kumsamehe. Kwa baba ilikuwa tofauti. Alipotoka dukani nilimwekea fomu mezani, mahali pa sahani yake. Aliitazama, akaisogeza pembeni.

"Shule ya kata siyo kufaulu," akasema.

"Uliniambia jina langu halipo."

"Kwenye orodha niliyokuwa naitaka halikuwepo."

Akanawa mikono akala. Nilimtazama akitafuna na nikajua kwamba mtu huyu alinisikia nikitapika usiku ule wa matokeo, akalala.

Niliporudi Iringa nilipania kugoma, niache karatasi ya mtihani nyeupe, baba aone aibu. Kilichonizuia ni yule msichana. Ningeacha karatasi nyeupe, jina la kubandikwa kwamba limefeli lingekuwa lake, naye alishanyang'anywa vya kutosha. Nikasoma kwa hasira. Mtihani nikaufanya, na jina la binti wa Ilula likatokea kwenye orodha aliyoitaka baba.

Akachinja mbuzi. Jumuiya yote ikaja ikala, ikaimba, na hakuna aliyeuliza ni jina gani lililofaulu. Siku mbili kabla sijaondoka, baba alileta tranka uani, na msasa, na kopo dogo la rangi nyeupe. Tranka lilipaswa kusomeka sawa na barua ya shule.

"Shika hapo lisicheze," akaniambia.

Nikashika. Alianza na jina langu, akalikwangua haraka akipiga mluzi, na vumbi jeupe likaniangukia vidoleni. Alipofika kwenye jina lake mluzi ukakoma. Akapiga msasa mara mbili juu juu, akasimama, akafuta jasho, akachukua brashi. Nadhani alitaka kuliacha hivyo hivyo.

"Na hilo pia, baba," nikamwambia. "Huyo mtoto ana baba yake."

Alinitazama, labda mara ya kwanza mwaka ule. Kisha akainama akalikwangua, nami nikaendelea kushika tranka.