Dodoso Lilisema Limbu Yuko Salama

Saa tatu asubuhi, Advera Mathias amekaa mkekani uani kwa Suzana, kijijini Ziba, wilayani Igunga. Mkononi ana dodoso la kuchunguza dalili za usonji, hali inayomfanya mtoto awasiliane na wenzake kwa namna tofauti. Macho yake yako kwa Limbu, mtoto wa Suzana mwenye miaka mitatu, anayezungusha gurudumu bovu la baiskeli bila kuchoka.

"Mtoto hukutazama machoni unapozungumza naye?" anauliza.

Suzana anacheka. "Dada Advera, mtoto mdogo anikodolee macho mimi mama yake? Huyu ana adabu."

Kalamu ya Advera inasita. Aandike ndiyo au hapana?

Advera ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tangu mwaka jana anasaidia watafiti wanaotaka kujua kama maswali hayo, yaliyotungwa nchi za mbali, yanaaminika huku. Yeye huuliza; mtoto akionekana na dalili, daktari mjini Tabora humpima, na majibu hulinganishwa.

Kazi hiyo imemnyima usingizi. Mwanzoni kabisa, maswali yalionyesha kuwa Shukrani, binti wa jirani yake Zabibu, huenda ana usonji. Kabla ya siku ya daktari, ukweni walishaanza kunong'ona kuwa Zabibu kaleta mkosi. Daktari alikuta masikio ya Shukrani yamejaa usaha. Mtoto alikuwa hasikii vizuri.

"Katibiwa, sasa anaongea. Lakini nikikutana na Zabibu kisimani, ananipita kama hanioni," anasema Advera.

Kwa Limbu mambo ni kinyume. Dodoso linaonyesha hana tatizo. Lakini Advera amemwita kwa jina tena na tena, hakugeuka. Mbuzi alipolia nyuma ya nyumba, aligeuka papo hapo.

Elieza, baba wa mtoto, anatoka ndani. "Majibu yanasemaje?"

"Yanasema yuko salama."

"Basi, tumshukuru Mungu."

Advera analiweka dodoso chini. "Shemeji, mimi bado nina wasiwasi. Naomba aende kwa daktari."

"Unataka kutufanyia kama kwa Zabibu?"

Suzana hacheki tena. "Baba Limbu, twende. Huyu mtoto hajawahi kuniita mama."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa kama anaongea. Anayarudia matangazo yote ya redio, nikajibu ndiyo."

Wiki iliyofuata, mjini Tabora, daktari alithibitisha kuwa Limbu ana usonji. Suzana alilia, kisha akaomba afundishwe namna ya kucheza naye.

"Sikufurahi hata kidogo kwamba wasiwasi wangu ulikuwa wa kweli," anasema Advera. "Niliwaza, ni wangapi wengine nimewaandika salama?"

Watafiti sasa wanayaandika upya maswali kwa Kisukuma, wakishauriana na akina mama wenyewe. Advera ameomba kurudi kwenye kila nyumba aliyopita.

"Safari hii sitaanza na kuuliza," anasema. "Nitakaa chini, nicheze na mtoto kwanza. Naogopa nitakachokikuta, lakini nitakwenda."