Antena ya Gari la Papa Ilunga

Bado naikumbuka Jumatatu ile, mwanangu, kwa sababu ya mlio mmoja tu: chuma chembamba kikikatika juu ya kichwa changu. Nimezeeka sasa, lakini mlio ule ningeutambua hata katikati ya soko.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi redio hapa Kashikishi, Nchelenge, katika kibanda cha mabati alichoniachia baba yangu alipofariki. Miaka ile ya mwisho ya tisini, msichana fundi redio alikuwa kitu cha kuchunguliwa. Wengine walileta redio zao ili waone tu kama nitaziharibu. Ndiyo maana niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa mamba wa ziwa hili.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita. Wafanyabiashara Wakongo waliokuwa wakileta vitenge na kurudi na samaki walikwama upande wetu, na familia zao zikabaki kule. Mmoja wao aliitwa Papa Ilunga. Alikuwa mtu mrefu, mpana wa mabega, mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, na hakupenda maneno mengi. Watu walinong'ona kwamba aliwahi kuwa askari. Sijui. Mimi nilimwogopa hata aliponisalimia.

Alikuwa na gari la mbio la zamani, la milango miwili, jekundu lililochujuka, la chini hata tumbo lake lilikwaruza mchanga wa njia zetu. Alilinunua Kitwe kwa injinia mmoja wa mgodi aliyekuwa akirudi Ulaya. Watu walilicheka, lakini ikifika saa kumi jioni hakuna aliyecheka. Saa kumi, stesheni moja ya ng'ambo ilisoma ujumbe wa familia zilizotawanyika: huyu yu hai, huyu amefika mahali fulani, huyu anamtafuta mume wake. Redio zetu za betri zilishika makelele matupu. Redio ya gari lile iliishika stesheni vizuri kwa sababu ya antena yake, antena ya mota. Ukiwasha redio, ilipanda yenyewe kutoka kwenye bodi, upande wa nyuma. Ukizima, ilishuka ikajificha. Papa Ilunga alifungua milango yote miwili, watu wakalizunguka gari kimya, wakisubiri majina. Yeye alisubiri jina la mke wake, Rejina.

Jumatatu hiyo aliniachia gari. Waya mmoja wa spika ulikuwa umelegea, na yeye alikuwa anakwenda Mwansabombwe kununua mihogo mikavu. Jua lilikuwa kali, nikaomba watu wanisaidie kulisukuma gari hadi chini ya paa la kibanda changu. Nilikaza waya, nikawasha redio nijaribu. Sikukumbuka paa. Antena ikapanda, ikagonga boriti, na mota ikaendelea kusukuma. Nilipoufikia ufunguo, ilikuwa imekatika, na uzi wa plastiki wenye meno unaoisukuma ulikuwa umekatikia ndani.

Ningemngoja mwenye gari nimwambie. Badala yake nilifanya nini? Nilikikata kipande cha chuma kilichopinda, nikakichomeka kichwa cha antena juu ya shimo ili ionekane imelala salama, nikachomoa waya wa mota isije ikalia. Niliwaza kovu lile, niliwaza watu wakisema: tulijua tu, mkono wa mwanamke.

Alirudi Jumanne. Saa kumi akawasha redio, ikavuma kama mvua juu ya bati. Akanitazama.

"Fundi, inakuwa namna gani?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipozama. Nikasema, "Redio ni nzima, Papa. Antena haipandi kwa sababu haina cha kushika. Nafikiri stesheni yenyewe imezimwa. Labda sababu ya vita."

Akazima redio. Mwanamke mmoja alijifunga kitenge upya na kuondoka akiangalia chini. Jumatano wakarudi, redio ikavuma. Alhamisi vilevile. Kila gari lililopita nilidhani ni fundi mwingine anayekuja kuikagua antena. Nilijua kwamba nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu kulikuwa na gari bovu, na antena yake ni ya aina ileile. Kwenda kuiomba kulikuwa mwendo mfupi tu. Lakini nikiiomba, atauliza ya nini.

Ijumaa asubuhi Papa Ilunga alikuja kibandani, mkoba begani. Aliweka ufunguo wa gari mezani pangu.

"Kama stesheni imekufa, ni kusema vita imefika kwao," alisema taratibu. "Boti inatoka leo saa sita. Minaenda kumutafuta bibi yangu. Weye ubakie na gari. Redio ikirudia kusema, usikilize jina yake. Rejina. Usisahau."

Nikaitika kwa kichwa.

Alipoondoka, miguu ilinipeleka kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa akianika chisense, wale dagaa wetu, kwenye mchanga. Nilimweleza yote nikilia. Alinisikiliza bila kuacha kuwatandaza samaki. Kisha akanyoosha mgongo.

"Unaogopa mtu akukasirikie," alisema. "Na yeye anakwenda kwenye bunduki kwa sababu ya neno lako. Hebu niambie, kati yenu wawili, nani mwenye haki ya kuogopa leo?"

Nikainama kumsaidia kutandaza samaki, akanizuia.

"Basi unakaa hapa kwangu kufanya nini?"

Nilikimbia. Nilifika ufukweni boti ikiwa imejaa, mwenye injini akiwa ameshika kamba ya kuwashia. Niliingia majini hadi kiunoni, nikaushika ubao wa boti na kusema mbele ya wote, nikihema, kwamba stesheni haijafa, kwamba niliivunja antena Jumatatu, kwamba nilidanganya.

Papa Ilunga aligeuka akanitazama. Nilingoja kofi. Nilifumba macho kabisa. Nikasikia maji yakitikisika: ameshuka.

"Siku tatu zote, watu walisimama pale," alisema. Hakuinua sauti. "Twende. Utatengeneza."

Katika boti ile alikuwamo muuza vitenge mmoja, Papa Kasongo, ambaye naye alisikiliza kwenye gari kila siku. Alinisikia vizuri nilivyokiri. Akasema samaki wake hawawezi kungoja redio, na boti ikaondoka naye.

Mwalimu mstaafu aliniambia niichukue antena, hata hakuuliza. Nilifungua nati kwenye bodi, nikaitoa mota kupitia buti ya gari, nikaifungua, nikachokonoa kipande cha uzi kilichobaki ndani. Nikaisafisha kwa petroli, nikapaka grisi, nikairudisha na kuunga waya wake. Papa Ilunga alikaa kwenye usukani, kwa maana kazi ile inataka watu wawili. Nilimwambia awashe redio mota izunguke kwanza, nikaingiza uzi wa antena ya mwalimu, meno yakielekea upande wa gia.

"Zima sasa, Papa."

Mota ikaushika uzi, ikauvuta polepole kutoka mkononi mwangu mpaka antena yote ikaingia. Nikakaza nati. Saa kumi ilikuwa bado kidogo.

Ilipofika, stesheni ikasikika wazi, lakini jina la Rejina halikusomwa siku hiyo, wala Jumamosi, wala Jumapili. Jumatatu msomaji alisema anarudia ujumbe wa juma lililopita, na tukasikia: Mama Rejina amwambia mume wake aliyeko Nchelenge kwamba ametoka salama na mama yake, wamefika kwa ndugu Lubumbashi, asivuke ziwa. Papa Ilunga aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mabega yake mapana yalitikisika. Mimi nilisimama kando, nikihesabu siku ambazo ujumbe ule ulikuwa hewani na mimi nimeuziba.

Boti ilirudi baada ya siku kumi. Watu wenye silaha waliikamata kule, wakawachukua wanaume kubeba mizigo. Wawili hawakurudi, na mmoja ni Papa Kasongo. Alinisikia nikikiri, ndiyo. Lakini kama angeyasikia majina siku zile zote, pengine kuna neno lingemzuia. Nimeuliza swali hilo maisha yangu yote, mwanangu, na hakuna wa kunijibu.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Utavunja kitu cha mtu. Kila anayefanya kazi huvunja. Siku hiyohiyo nenda kwa mwenyewe, umwambie kwa kinywa chako, hata kama magoti yanagongana. Usisubiri hofu iishe ndipo useme, maana haiishi. Na usitunge maneno ya kufunika kosa, kwa sababu hujui nani atayachukua maneno hayo na kuyafuata.

Mungu akulinde wewe na mikono yako. Akupe kinywa chepesi cha kukiri, na akukutanishe na watu watakaokusikiliza mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Amina.