Nilivyoikwamisha Posa Yangu Likoni

Aibu hii sijaimeza mpaka leo, na nyinyi mnaocheka chekeni tu, lakini mimi imeninyima mke.

Kwetu mposaji haendi kwenye posa yake, wazee ndio huenda, ila mimi na kichwa changu kigumu nikasema wazee nitawapeleka mwenyewe kwa gari langu kuukuu la otomatiki, kisha nitajibanza mtaa wa pili nisionekane (eti!). Asubuhi ile ya kipupwe, mvua imelowesha Makadara nzima, natia gia, gari limetulia tu, mara likaruka mbele. Nikapima oili ya giaboksi, kijiti kikaonyesha iko chini, basi nikamimina, nikamimina tena, hadi alama ya juu kabisa, ambayo ni ya gari lililokwisha kupata moto, na langu lilikuwa baridi. Nikajisifu, fundi mzima mimi.

Mpaka kivukoni Feri lilikwenda vizuri. Tukavuka kuelekea Likoni kwa kina binti, Ami Salim, ndugu wa babangu aliyenilea baada ya babangu kufariki, kaketi kando yangu na kanzu yake ya Idi, wazee wawili nyuma. Zamu yetu ya kupanda nchi kavu ikafika, nakanyaga mafuta, injini yalia, magurudumu hayasogei! Oili ilikuwa imepata moto, imezidi, imefanya povu, haina nguvu tena. Nyuma yangu ni honi na matusi.

"Mwanangu, watufanyani?" akauliza Ami.

"Baridi tu hii, Ami."

"Baridi gani, na moshi huu?"

Wazee wakashuka kusukuma, kanzu zikiburura matopeni, mimi nimeshika usukani kama bwana mkubwa, na mmoja wa abiria waliokuja kusaidia akachungulia dirishani. Kakake Mwanaisha, binti niliyekuwa nikimposa!

"Kumbe mposaji ndiye dereva?" akapaza sauti. "Posa yajileta yenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Ami akakung'uta kanzu, akageuka na wenzake wakarudi na feri ileile. Kule kwa kina Mwanaisha walikuwa wameshapika, wakangoja wee, na babake akaapa binti yake hatamwoza kwa watu wanaomdharau. Ameshaolewa na mwengine.

Inaniuma, sifichi. Nimeapa nikijaliwa kuposa tena nitabaki nyumbani na wazee waende wenyewe, lakini Ami kasema mguu wake hautoki tena kwa ajili yangu, na mwengine wa kunisemea sina.