Kasha la Chai Chini ya Kitanda cha Mama

Niliondoka kijijini kwetu Kyimo, karibu na Tukuyu, baada ya kidato cha nne, nikaaga kwamba Krismasi nitarudi. Nimerudi mwaka huu, nina miaka arobaini na minne.

Miaka mingi nilikuwa Unguja. Nilibeba saruji, nikapaka nyumba za watu rangi, lakini kilichonishika ni kidumbaki. Nilikikuta arusini: fidla, ngoma mbili ndogo, na mzee aliyekanyaga sanduku lililopinduliwa, anavuta kamba iliyofungwa kwenye fimbo. Sanduku linaguna kama mtu mwenye siri. Wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wa asili ya Kiarabu, wa Kingazija, wa Makunduchi, na wa bara waliokwenda kutafuta maisha kama mimi, wote kiuno kimoja.

Nilisogea kulitazama sanduku. Lilikuwa kasha la chai, pembe zake zimeshikwa na bati. Kama lile lilikuwepo kwetu, chini ya kitanda cha mama. Marehemu baba alipewa kiwandani, enzi chai inafungwa kwenye makasha.

Nikajifunza kulipiga. Nikabaki.

"Huko kulikuwa na nini?" mama aliniuliza wiki niliyorudi, anachambua maharage, haniangalii. "Mke huna. Nyumba huna. Kitu gani kilikuweka?"

Nilieleza, nikashindwa. Nikasema nitamwonesha, ila nahitaji kasha. Nilizunguka Tukuyu na Bulyaga siku tatu, sikupata. Chai siku hizi inafungwa kwenye mifuko ya karatasi. Ikabidi nimwombe mama lake, lililokuwa limejaa maharage ya mbegu.

"Utalifanyaje?"

"Nitatoboa tundu dogo kwenye kitako, nipitishe kamba."

"Maharage yatamwagika."

"Nitakuletea ndoo yenye mfuniko."

"Baba yako hakunipa ndoo."

Sikumwambia la pili: kwamba sanduku la yule mzee wa Unguja lilikuwa limepasuka, na nilitaka kuondoka na hili. Mvua haikukatika. Kila asubuhi nilisikia honi za magari ya Mbeya, miguu ikaniwasha. Siku ya nne nilifunga begi, nikaliweka nyuma ya mlango.

Nilipotoka nje nikakuta kasha barazani, tupu, limefutwa vumbi.

"Toboa," mama alisema.

Nilitoboa kwa msumari wa moto, nikapitisha kamba, nikasimamisha fimbo. Nilipoanza kupiga, jirani yetu akaja mbio na jembe begani.

"Mama wee! Mtu kavuka bahari kwenda kusomea kupiga kasha la maharage!"

Nilicheka naye. Mama hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, kiganja kakiweka juu ya ubao, anausikiliza kwa mkono. Baadaye bega moja likaanza kwenda, kisha la pili. Nilipiga mpaka vidole vikauma, kwa sababu sikujua nikiacha atasema nini.

"Ndaga," alisema nilipoacha. Asante. "Ni zuri. Nimeelewa." Akatazama mlangoni. "Lakini begi lile nimeliona. Wewe ukitaka kwenda, nenda. Kasha la baba yako halitoki hapa. Anayetaka kulipiga atalipigia hapa."

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Maharage yako kwenye ndoo. Begi bado lipo nyuma ya mlango, sijalifungua, na asubuhi honi zikilia huwa naushika mkanda wake.

"Leo hupigi?" mama anauliza kutoka jikoni.

Nauachia mkanda.