Sanduku Jeusi la Mathe

Kaka yangu Mathe alipiga saxo miaka ishirini na miwili katika fanfari, bendi ya tarumbeta ya kanisa letu, hapa Butembo, kwa chombo cha bei rahisi kutoka Uchina. Kilipoanza kuvuja hewa, alikata ngozi ya kiatu akaziba. Springi ilipokatika, akafunga mpira wa tairi la pikipiki. Hakikuwa na sanduku. Alikizungushia kitenge cha mke wake, Gracieuse. Hivyo ndivyo alivyotangulia majeneza hadi makaburini, na sijasikia mfiwa hata mmoja akiuliza bei yake.

Baada ya Pasaka, muumini wetu anayeishi Ubelgiji alituma saxo mpya, ndani ya sanduku jeusi lenye vishikio vya kung'aa. Kanisani kwetu kila zawadi hutajwa mbele ya wote, jina la mtoaji na kiasi, ili abarikiwe. Mchungaji akasoma: dola elfu sita. Vigelegele vikapanda. Mathe akainua chombo, kikawaka kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilikuwa nikiwatazama vijana wawili mlangoni, nisiowajua. Hawakupiga makofi.

Jumatatu mnunuzi wa dhahabu kutoka Manguredjipa alifika uani kwa Mathe.

"Ni dhahabu kweli, Baba?"

"Hapana. Ni shaba tu, banapaka rangi."

"Shaba ya elfu sita? Mais Baba, unatuona sisi bapumbavu?"

Alicheka peke yake, akaondoka bila kuaga.

Nimefundisha muziki shuleni, kwa hiyo Mathe alitaka sikio langu. Akapiga ile ya zamani, kisha mpya. Kwenye mpya noti za chini zilitoka bila kusukumwa, na za juu hazikulia tena kama bawaba. Kwa mapafu ya mtu wa miaka hamsini, ilikuwa nafuu kubwa. Nikamwambia inastahili bei yake. Sasa natamani ningenyamaza.

Maana tangu hapo alipiga madirisha yakiwa yamefungwa, na taulo ndani ya mdomo wa saxo.

"Elfu sita, na inalia kama mbuzi banamufunga kinywa," Gracieuse alimtania. Hakucheka.

Mwezi wa nane aliitwa kupiga kwenye arusi huko Beni, katika mtaa wa Beu. Siku mbili kabla ya safari, mtu wa pikipiki alimuuliza jirani yetu: ule mutu wa saxo anapanda barabara siku gani? Jirani, kwa kujivuna, akamjibu, kisha akaja kutueleza.

"Basi usiende," Gracieuse akasema.

"Nilisha kubapa neno langu."

"Donc beba ile ya zamani."

"Ndiyo, mama. Nitabeba ya zamani."

Asubuhi alitoka chumbani na sanduku jeusi mkononi.

"Mathe! Ulisema nini?"

"Ndani ni ile ya Uchina. Mbele ya bageni wote, niingie na kitenge kama mama anabeba majani ya sombe sokoni?"

"Na kule njiani, nani ataona ndani?"

Mathe alimshika bega, akapanda taksi. Aliliweka sanduku juu ya magoti, karibu na dirisha, na vishikio vikashika jua hadi gari lilipopinda kona.

Saa sita simu yake iliita bila kupokelewa. Saa nane haikuita tena. Wenye arusi wanasema bado wanamngoja.

Saxo mpya iko chini ya kitanda, imezungushiwa kitenge. Gracieuse ameketi juu ya kitanda hicho, simu mapajani, na amenikataza kufungua dirisha.